Haikuwa Redio

Wimbo ulipoanza, mke wa fundi aliinua mguu wake kutoka kwenye kanyagio la cherehani. Hapohapo mumewe akaukandamiza wa kwake. Cherehani ya Fundi ilikuwa ya chuma, ya zamani, na ikikanyagwa kwa hasira ilinguruma mpaka vikombe vikatetemeka kwenye rafu. Kila siku saa sita na nusu mchana, redio ilipofungua kipindi cha nyimbo za kuombwa, ndipo Fundi alipokumbuka kwamba ana mshono mrefu wa kupiga. Siku nyingine hakuwa na mshono wowote. Aliokota kitambaa chochote kilichokuwa karibu, akakishona kwenda na kurudi mpaka wimbo ukaisha.

"Baba watoto," mkewe alisema siku hiyo, bila kupandisha sauti. "Dakika nne tu."

"Kazi haingoji dakika nne."

"Hicho unachoshona ni kitambaa cha kufutia mafuta."

Fundi alikitazama. Kweli. Akakunja uso, akaendelea kukishona.

Mwimbaji huyo watu walimwita Kizamani. Hakuwa mzee, hata arobaini hajafika, lakini aliimba soul, ule muziki wa Wamarekani weusi, kama walivyoiimba watu kabla yeye hajazaliwa: matarumbeta mawili, saksafoni, kinanda chenye sauti ya kukwaruza, waitikiaji watatu waliovaa sare, na yeye mwenyewe mbele, ndani ya suti, nywele zimechanwa upande. Nyimbo zilikuwa mpya, amezitunga yeye, ila mtu akizisikia mara ya kwanza alihisi aliwahi kuzisikia sebuleni kwao akiwa mtoto. Mke wa fundi alikuwa amekata picha yake gazetini na kuibandika ukutani juu ya kibweta cha nyuzi, mahali ambapo miaka yote palikuwa na kalenda.

Kinyozi, ambaye chumba chake cha biashara kilipakana na chao, ndiye aliyeigeuza picha hiyo kuwa maneno. Alichungulia mlangoni na mashine yake mkononi, akaitazama, akamtazama Fundi.

"Jirani, naona nyumba yako siku hizi ina wanaume wawili. Mmoja anafanya kazi, mwingine anatazamwa."

Mke wa fundi alicheka. Fundi naye alicheka, tena kwa sauti kuwashinda wote, kisha hakuinua tena macho ukutani hadi jioni.

Alijua ni upuuzi. Mtu mzima, baba wa watoto wawili walio chuoni, anaonea wivu kipande cha gazeti! Lakini kilichomuuma hasa haikuwa picha. Ulikuwa uso ambao mkewe aliuvaa wimbo ukianza: kidevu juu kidogo, macho nusu yamefumba, sindano imesimama hewani kama imesahauliwa. Uso ule Fundi hakuwahi kuuona ukielekezwa kwake, au kama aliwahi, hakumbuki ilikuwa lini.

"Hebu sikiliza hapa," mkewe alimwambia siku moja, akijaribu kumvuta. "Sasa hivi anamwachia mzee wa tarumbeta. Umesikia? Yeye ananyamaza. Jina lililo kwenye bango ni lake, lakini ananyamaza, anamwachia mwenzake."

"Mtu analipwa kuimba, ananyamaza, na wewe unamsifu."

"Namsifu kwa hilo hasa."

Fundi akatafuta mshono wa kupiga.

*

Kazi ilikuwa imepungua. Watu walinunua nguo zilizokwisha kushonwa, na wao walibakiwa na sare za shule, zipu zilizokatika na mapazia ya kupunguza. Heshima iliyokuwa imebaki ilitokana na makoti, na ndani ya makoti, matundu ya vifungo. Matundu yale yalishonwa kwa mkono, uzi umelala safu moja bila kupanda wala kushuka, kingo ngumu kama kucha. Wateja waliyapapasa kwa kidole gumba wakasema, "Fundi, una mkono wewe!" Naye Fundi akajibu, "Ahsante," huku mwenye mkono huo yuko hatua mbili nyuma ya pazia lililokigawa chumba, subana kidoleni, anashona tundu lingine. Fundi hakuona kwamba ni uongo. Duka lake, jina la mlangoni lake, na mke na mume ni kitu kimoja. Hivyo ndivyo alivyojieleza, na kwa miaka mingi hakuna aliyembishia.

Jumatano moja asubuhi mtu akabisha hodi, na Kinyozi akatokea nyuma yake, amemwacha mteja wake na povu nusu ya uso.

"Ndipo hapa kwa fundi wa matundu ya vifungo?" aliuliza mgeni.

Alikuwa Kizamani mwenyewe. Alikuwa mfupi kuliko picha yake, jambo lililomfurahisha Fundi kwa muda mdogo sana.

"Nilimwona mzee mmoja kwenye harusi," alieleza, akikaa kwenye kigoda bila kuangalia kama kina vumbi. "Nikamshika koti, nikaanza kupapasa vifungo vyake. Mkewe akadhani nimelewa. Nikauliza haya matundu kayashona nani, akanielekeza huku. Ni wewe?"

"Ni mimi," Fundi alisema.

Pazia halikutikisika. Baada ya muda mkewe alitoka na kibweta cha pini, kama alivyotoka kila mteja alipofika.

"Shikamoo mama," Kizamani alimwamkia, akiinuka.

"Marahaba," alijibu, na kibweta kikamponyoka, pini zikatawanyika sakafuni.

Kizamani alipiga magoti kumsaidia kuokota. Fundi akabaki amesimama na futi shingoni, akitazama vichwa viwili vimeinamia sakafu moja. Ile shikamoo ilipaswa kumtuliza. Anayempa mkeo shikamoo amejiweka mwenyewe upande wa watoto. Haikumtuliza hata kidogo. Mkewe, aliyeweza kutunga uzi kwenye sindano huku akizungumza na watu wawili, alikuwa anashindwa kuokota pini.

Kizamani alitaka suti ya rangi ya damu ya mzee, koti la vifungo viwili, suruali pana ya mtindo wa zamani. Angepiga katika ukumbi wa mji Jumamosi ya wiki iliyofuata, saa tisa alasiri. "Na nikiridhika," aliongeza, "bendi nzima itashona hapa. Watu tisa."

Kinyozi, mlangoni, alipiga mluzi. Mteja wake aliita kutoka chumba cha pili kuuliza kama leo atanyolewa ndevu zote au nusu, naye akaondoka shingo upande. Mke wa fundi alirudi nyuma ya pazia na pini zake.

Fundi akaanza kupima. Bega, kifua, kiuno. Alipofika kwenye mkono, Kizamani alimzuia.

"Hapa, kaka, naomba uangalie sana. Mimi naongoza bendi kwa mkono huu wa kushoto. Nikiuinua mpaka huku juu, matarumbeta yanaingia. Nisipouinua, hayaingii, yananisubiri. Tumezoeana hivyo. Makoti yote niliyonayo yananikaba, nafika nusu tu, nalazimika kuinua na kichwa kama jogoo anayewika."

Alionyesha. Mkono ulipanda taratibu, kiganja kimefunguka, na bila kujijua akaanza kuimba kwa sauti ya chini ule wimbo wa saa sita na nusu, mahali anapouliza: "Upo?"

Na nyuma ya pazia sauti ikaitika: "Nipo, mpenzi, nipo."

Haikuwa sauti kubwa. Ilitoka tu, kama mtu anavyoitikia akiitwa. Lakini ilikaa sawasawa mahali pake, chini kidogo ya sauti ya Kizamani, na mkono wake ukaganda hewani.

"Nani huyo?"

Fundi hakufikiri. Baadaye alijaribu kujiaminisha kwamba alifikiri, kwamba ulikuwa utani, lakini hakufikiri.

"Ni redio hiyo," alisema. "Shusha mkono, kaka. Vipimo huchukuliwa mikono ikiwa chini."

Akaandika kwenye daftari kipimo cha mkono ulio chini tu.

*

Mtu asiyejua ushonaji hudhani kwapa likiwa pana na limeshuka ndiyo raha ya mvaaji. Kumbe sivyo. Kwapa likishuka, mkono ukiinuka unabeba koti zima. Kola inapanda masikioni, vifungo vinavutana, na mwenye koti anaonekana kama amening'inizwa kwenye kamba ya nguo. Mtu akisimama ametulia, mikono ubavuni, humuoni kasoro. Fundi alijifunza hilo akiwa mwanagenzi, kwa kupigwa makofi ya kisogo, na hakulisahau.

Alikata koti lile Ijumaa, mkewe akiwa ametoka kununua uzi. Aliweka chaki mahali kwapa linapostahili kukaa. Akainua macho, akaiona picha ukutani. Akaifuta alama, akashusha vidole viwili, kisha akaubana mkono wa koti juu, pembeni ya bega. Mkasi ulipita kwenye kitambaa bila kelele. Hakujiambia kwamba anaharibu kazi. Alijiambia kwamba hivi ndivyo kipimo kinavyosema, na daftari lilikuwa shahidi wake.

Mkewe alipopewa koti ili ashone bitana na matundu, alilitandika magotini akalipitisha mkono taratibu, kuanzia kola hadi upindo. Fundi alimtazama kwa jicho la pembeni.

"Koti langu hujawahi kulipapasa hivyo."

"Koti lako nimelishona mimi, nimelipiga pasi mimi, na wiki iliyopita nimelitoa doa la mchuzi. Unataka na busu?"

"Nimesema tu."

"Na mimi nimesema tu." Alivuta daftari, akalifungua. "Mbona kuna kipimo cha mkono ukiwa chini, cha mkono ukiwa juu hakipo?"

"Kimoja kinatosha."

"Amekwambia anaongoza kwa mkono."

"Fundi hapa ni nani?"

Mkewe alifunga daftari. Akaanza kushona. Kisha akasema, bila kuinua uso, "Uliniita redio."

"Nilikuwa natania."

"Sikucheka."

Fundi aliweka mkasi chini. Wivu wote aliokuwa ameufukia kwa mngurumo wa cherehani ulimpanda kwa mara moja, akajikuta anasema kama kijana. "Hebu niambie. Ana nini huyu mtu? Mfupi, sauti ya kukwaruza, nyimbo za babu yake. Ana nini ambacho mimi sina?"

Mke wa fundi alitoa uzi mdomoni. Alifikiri kwanza. Hilo pia lilimuuma Fundi, kwamba swali lile lilikuwa na jibu la kufikiria.

"Kila onyesho likikaribia mwisho," alisema, "anawataja. Mmoja mmoja. Anayepiga dramu, anayepiga besi, wale waitikiaji, mpaka yule anayebeba nyaya. Nimemsikia redioni mara nyingi. Nyimbo zake nazipenda, sikatai. Lakini pale anapoanza kuwataja ndipo naacha kushona. Huwa nawawazia nyuso zao." Alirudisha uzi mdomoni, akaulowesha, akautunga kwenye sindano. "Sasa umejua. Niache nimalize."

Fundi angeweza kusema kitu pale. Alikuwa na nafasi na alikuwa na muda. Akasema chai imepoa.

Kizamani hakuja kujaribu koti. Bendi ilikuwa mji mwingine hadi Jumamosi. Alituma ujumbe mfupi kwenye simu: anamwamini fundi wake. Fundi aliusoma mara mbili, akaifunika simu kifudifudi mezani. Ijumaa, siku moja kabla ya onyesho, mkewe alikaa na koti muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akaichukua na suruali.

"Upindo nitaumalizia mimi," alisema.

"Bado hujamaliza matundu?"

"Nimemaliza. Uzi ndio ulinisumbua."

Hakumwuliza zaidi. Jumamosi asubuhi mzee wa tarumbeta, mwenye mvi na viatu vilivyong'arishwa, alikuja kuichukua suti. Aliwaachia tiketi mbili, akamshika Fundi mkono kwa mikono yote miwili. Suti ikaondoka. Fundi akakaa kwenye kigoda, akazitazama zile tiketi.

*

Ukumbi ulikuwa umefurika. Mwanga wa alasiri uliingia kwa madirisha ya juu, viti vya kukunja vililia kila mtu alipokaa, na Kinyozi, safu ya nyuma yao, alikuwa amejipaka mafuta ya nywele ya kutosha watu watatu. Mke wa fundi alivaa gauni lake la bluu. Tangu watoke nyumbani walikuwa wamezungumza mara moja tu, kuhusu ufunguo.

Fundi alikuwa ameshafanya hesabu ya balaa lenyewe. Mkono utafika nusu, kola itapanda masikioni, watu watacheka. Matarumbeta hayataingia. Mkewe atamwona mtu wake amening'inia kama nguo kambani, na ule uso wa kidevu juu utakwisha. Ndivyo alivyotaka. Kisha Kizamani atauliza nani kashona, na jina la mlangoni litajibu. Watu tisa watakwenda kwa fundi mwingine, na baada yao wale wachache waliobaki. Hilo hakulitaka, na alishangaa kwamba wiki nzima alikuwa ameona nusu moja tu ya jambo.

Bendi iliingia. Kizamani akatoka mwisho, na suti ya damu ya mzee ikaudaka mwanga kiasi kwamba mtu mmoja mbele alisema "Lo!" kwa sauti. Ilimkaa vizuri mno. Fundi alimwangalia mkewe, naye alikuwa anaangalia koti, siyo mtu.

Nyimbo mbili za kwanza zilikuwa za taratibu, mikono chini. Fundi hakuwa na cherehani. Hakukuwa na kitambaa cha kufutia mafuta wala mshono wa dharura, ilibidi asikilize. Akasikia besi ikitembea bila haraka. Akasikia waitikiaji wakijibu kabla swali halijaisha, kama watu wa nyumba moja. Akamsikia Kizamani akilishika neno moja dogo na kukaa nalo, na kulirudisha, mpaka Fundi akajikuta amejua anachosema. Ulikuwa muziki mzuri. Hilo lilikuwa baya kuliko yote. Angekuwa kijana mjanja mwenye suti tu, Fundi angeweza kumchukia kwa amani.

Wimbo wa tatu ulikuwa ule wa saa sita na nusu. Mzee wa tarumbeta aliweka chombo chake mdomoni, akamkazia macho kiongozi wake, akasubiri. Ukumbi mzima ukasubiri naye. Mkono wa kushoto ukaanza kupanda.

Fundi alitaka kufumba macho, hakuweza. Mkono ulifika kifuani. Ukafika begani, mahali ulipotakiwa kukwama. Ukapita. Ukaenda juu mpaka mwisho, kiganja kimefunguka, na kola ikabaki palepale shingoni, vifungo vimetulia kama vimepigiwa misumari. Matarumbeta yakaingia kwa kishindo, watu wakasimama. Chini ya mkono ule, kwa sekunde moja, Fundi aliona kipande kidogo cha kitambaa, pembe nne, ambacho hakukikata yeye.

Alikitambua upesi. Kilitoka kwenye upindo wa ndani wa suruali, vidole vinne alivyozoea kuacha. Mkewe alikuwa amefumua kwapa, akakata upindo, akatia kipande, akashona upya kwa mkono, nyuzi ndogondogo zisizoonekana. Alijua tangu alipofungua daftari. Alijua aliposema uzi ulimsumbua. Fundi aligeuka kumtazama. Alikuwa anaimba pamoja na ukumbi, haangalii upande wake.

Mwishoni Kizamani akaanza kutaja, kama mkewe alivyosema. Mpiga dramu. Mpiga besi. Waitikiaji, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akipiga hatua mbele. Mzee wa tarumbeta. Mbeba nyaya, aliyechungulia na kujificha. Kisha akajishika kola.

"Na hili koti. Nimevaa makoti ya mafundi wakubwa, yote yananifunga kama mfungwa. Hili ndilo la kwanza kuniacha niinue mkono. Fundi wake yumo humu ndani. Simama, kaka, watu wakuone."

Fundi alisimama. Makofi yalianza mbele yakaja mpaka kwake, na Kinyozi alipiga mluzi wa vidole viwili. Fundi aliinamisha kichwa kidogo, kama alivyofanya dukani. Kwa muda wa pumzi tatu alikuwa mtu aliyetaka kuwa. Kisha akaangalia chini, akamwona mkewe. Alikuwa anapiga makofi. Hakukuwa na kejeli usoni mwake wala lawama. Alipiga tu makofi pamoja na wengine, ameketi pale chini yake, kama anavyoketi nyuma ya pazia.

"Siyo mimi," Fundi alisema.

Hakuna aliyesikia. Akarudia kwa sauti ya kuitia mtu barabarani. "Siyo mimi! Mimi nililikata libane!"

Makofi yakafifia. Mtu alicheka, akidhani ni sehemu ya onyesho.

"Kwapa nililikata vibaya," Fundi aliendelea. "Aliyelifumua akalitengeneza ni mke wangu. Huyu hapa. Na matundu ya vifungo uliyoyafuata ni yake. Yote. Tangu zamani." Akamtazama Kizamani. "Na siku ile haikuwa redio."

Kizamani hakutabasamu. Alisogea ukingoni mwa jukwaa, akakinga macho kwa kiganja, akamtafuta. Kisha akageukia bendi, akasema neno moja, na besi ikaanza tena kutembea, peke yake. Mkono wa kushoto ukapanda, mara hii haukuelekea kwa matarumbeta. Ulielekea safu ya saba, kwenye gauni la bluu.

"Upo?" aliimba.

Mke wa fundi hakusimama. Aliushika mkoba wake magotini kwa mikono miwili. Besi ikazunguka mara moja, ikazunguka mara ya pili, na mkono ukabaki juu ukimsubiri, ndani ya koti lililoweza kusubiri.

"Nipo, mpenzi," aliimba. "Nipo."

Sauti ilitetemeka mwanzoni, kisha ikakaa. Watu mia nne wakaisikia. Fundi, aliyekuwa nayo nyumbani miaka yote na kuifunika kwa cherehani, aliisikia pamoja nao, akawaonea wivu wote, mmoja mmoja.

*

Walirudi nyumbani kwa miguu, jua bado liko juu ya mapaa. Kinyozi alitaka kufuatana nao, akautazama uso wa mke wa fundi, akakumbuka ana shughuli kwingine.

"Nilifanya makusudi," Fundi alisema walipofika kona.

"Najua. Wewe hukosei kwapa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Kwamba nimekuona?" Alitembea hatua kadhaa. "Na usidhani nilifanya kwa ajili yako. Wala yake. Lile koti lina matundu yangu. Ulikuwa unaharibu kazi yangu, baba watoto. Na hiyo ni baada ya kuniita redio, ndani ya wiki hiyohiyo."

Nyumbani, Fundi alipofungua mlango, alimpisha yeye atangulie kuingia.

Jumatatu bendi ilikuja, watu tisa, wakajaa mpaka barazani. Fundi alivua futi shingoni akampa mkewe. Kisha akalivuta pazia lote upande mmoja, akalifunga fundo, akaketi na daftari.

"Inua mkono, mzee," mke wa fundi alimwambia mzee wa tarumbeta. "Juu zaidi. Hapo hapo." Akasoma kipimo, Fundi akaandika. Akasoma kingine, akaandika.

Ilipotimu saa sita na nusu, redio kwenye rafu ikaanza ule wimbo. Mguu wa Fundi ulilitafuta kanyagio wenyewe, kwa mazoea. Akauondoa. Mkewe alikuwa amesimama na futi mkononi, kidevu juu kidogo, macho nusu yamefumba. Wivu ukamrudi Fundi, haukuwa umekwenda popote.

"Hivyo unavyosikiliza," alisema kwa sauti ya chini, ili wale tisa wasisikie. "Mimi hujawahi kunitazama hivyo nikiwa kazini."

Mkewe hakufumbua macho.

"Nimekutazama hivyo miaka mingi tu," alisema. "Ulikuwa umeinamia cherehani."